Sampuli Nasibu na Badiliko la Asilimia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa miaka 11 hadi 14, na mengine na wazazi wanaokaa nao mezani jioni wakati wa kazi za nyumbani. Si lazima uyasome kwa mpangilio. Ila ukikwama kwenye la badiliko la asilimia, rudi kwanza kwenye swali la kwanza kabisa.

Kwa nini mada hizi mbili huwekwa pamoja? Naona hazihusiani.

Zinahusiana kuliko zinavyoonekana. Asilimia haisimami peke yake. Daima ni asilimia ya kitu fulani. Ukisikia "asilimia 36", uliza papo hapo: ya nini? Kwenye sampuli swali hilo hugeuka kuwa: ni watu gani waliokuwa na nafasi ya kuulizwa? Kwenye badiliko hugeuka kuwa: tulianzia wapi? Mwanafunzi anapokosea mada hizi, mara nyingi kugawanya na kuzidisha kwake kuko sawa kabisa. Kosa ni kwamba amegawanya kwa namba isiyohusika, au amewasemea watu ambao hakuwauliza. Nitalirudia hili la "ya nini?" mpaka likuchoshe.

Sampuli nasibu ni nini hasa?

Tuseme shule ina wanafunzi 600, nawe unataka kujua wangapi huazima vitabu maktaba. Kuwauliza wote ni kazi ya siku nyingi. Unawauliza 50, kisha unakadiria hali ya wote kutokana na majibu ya hao 50. Wale 600 ni kundi zima, wale 50 ni sampuli.

Sampuli huwa nasibu pale kila mmoja kati ya 600 anapokuwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa, na kila kikundi cha watu 50 kinapokuwa na nafasi sawa na kikundi kingine chochote cha watu 50. Sehemu ya pili husahaulika. Ukipiga kura kuchagua darasa moja kisha ukawauliza wote waliomo, kila mwanafunzi alikuwa na nafasi, lakini hakuna namna ungeweza kupata sampuli iliyochanganya madarasa. Hiyo si sampuli nasibu ya kawaida, hata kama kura ilipigwa kwa haki.

Neno lenyewe unalijua kutoka "bahati nasibu". Unasibu uko katika njia ya kuchagua, hauko katika sura ya waliochaguliwa. Sampuli inaweza kutoka na wasichana 33 na wavulana 17, ikabaki kuwa nasibu kama njia ilikuwa safi. Na unaweza kupanga kwa mkono wasichana 25 na wavulana 25, ikapendeza machoni, na isiwe nasibu hata kidogo.

Nikisimama mlangoni mwa maktaba na kuwauliza wanaopita, kuna ubaya gani?

Wanaopita mlangoni mwa maktaba ndio hao hao wanaoazima vitabu. Umeuliza kundi ambalo jibu lake limeshajulikana. Ukiwauliza rafiki zako ni vivyo hivyo, kwa sababu marafiki hufanana. Ukibandika karatasi ukutani na kusema "anayetaka ajaze", watakaojaza ni wenye maoni makali. Hali hii huitwa upendeleo. Haimaanishi kwamba umemwonea mtu. Maana yake ni kwamba njia yako inaelekeza jibu upande mmoja kila unapoirudia.

Na nikifumba macho nikaweka kidole kwenye orodha ya majina?

Hilo nalo si nasibu, ingawa mtu huhisi hivyo. Kidole hupenda kutua katikati ya karatasi, na majina ya juu kabisa na ya chini kabisa huachwa. Akili ya binadamu haiwezi kubahatisha vizuri. Waambie watu wachague namba moja kati ya 1 na 10 "bila kufikiri", uone 7 itakavyojirudia.

Hata mitambo ya kura huweza kutuangusha. Tarehe 1 Desemba 1969, wakati wa vita vya Vietnam, Marekani ilipiga kura ya kuamua vijana wangeitwa jeshini kwa mpangilio gani. Siku 366 za kuzaliwa ziliandikwa kwenye vikaratasi, vikatiwa ndani ya vidonge vya plastiki, kisha vikachotwa kwa mkono kutoka kwenye chombo cha kioo. Siku iliyotoka mapema ilipata namba ndogo, na namba ndogo ilimaanisha kuitwa mapema. Vidonge vilikuwa vimewekwa kwa mfuatano wa miezi na havikuchanganywa vya kutosha, hivyo siku za mwisho wa mwaka zilielekea kutoka mapema. Kura ikiwa safi, wastani wa namba za mwezi wowote hutarajiwa kuwa karibu 183.5. Wastani wa Desemba ulikuwa karibu 121. Kijana aliyezaliwa Desemba alikuwa na kila sababu ya kuuliza walichanganyaje.

Kwa hiyo mwalimu wako akikuambia "changanya vikaratasi vizuri", hasemi tu kwa mazoea.

Basi nifanyeje hatua kwa hatua?

Mpe kila mwanafunzi namba, kuanzia 001 hadi 600. Kisha tumia jedwali la namba nasibu, au kitufe cha namba nasibu kwenye kikokotoo au kompyuta, na usome tarakimu tatu tatu. Mfano, ukikutana na mstari huu:

482 917 055 600 731 482 004

unachukua 482. Unaruka 917 kwa sababu hakuna mwanafunzi mwenye namba hiyo. Unachukua 055 na 600. Unaruka 731. Namba 482 imejirudia, nayo unairuka. Unachukua 004. Unaendelea hivyo mpaka upate 50.

Kuna mwanafunzi huuliza karibu kila mwaka: "Badala ya kutupa 917, si nitoe 600 nipate 317?" Wazo zuri, lakini lina shimo. Ukifanya hivyo, mwanafunzi 317 anaweza kuingia kwa njia mbili, kwa 317 na kwa 917. Mwanafunzi 500 ana njia moja tu, kwa sababu 1100 haina tarakimu tatu. Namba 1 hadi 399 zingepata nafasi mara mbili ya namba 400 hadi 600. Usawa umekufa, na hakuna atakayeuona ukifa. Tupa tu 917.

Ukiwa na haraka, unaweza kuchagua mahali pa kuanzia kwa kubahatisha, halafu ukamchukua kila mtu wa 12 kwenye orodha, kwa kuwa 600 ÷ 12 = 50. Hiyo ni sampuli ya vipindi. Inafaa kama orodha haina mdundo wake. Orodha iliyopangwa kwa vikundi vya watu 12, kiongozi akiwa wa kwanza kila mara, itakupa viongozi watupu au kukunyima wote.

Sampuli kubwa sana si itafuta upendeleo?

Haifuti. Mfano maarufu ni wa mwaka 1936. Gazeti la Marekani lililoitwa Literary Digest lilituma karatasi za maoni zipatazo milioni 10 kuuliza watu wangempigia nani kura ya urais. Zilirudi zaidi ya milioni 2. Gazeti likatangaza kwamba Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt kwa tofauti kubwa, Landon akipata asilimia 57. Kura zilipohesabiwa, Roosevelt alikuwa na karibu asilimia 61.

Tuulize swali letu: asilimia 57 ya nini? Majina yalitoka kwa wingi kwenye orodha za wenye simu na wenye magari. Mwaka 1936 dunia ilikuwa katika mdororo mkubwa wa uchumi, na simu na gari vilikuwa vya wenye nafasi, ambao wengi wao hawakumtaka Roosevelt. Tena, kati ya kila watu 4 waliopelekewa karatasi, hata mmoja hakutimia aliyejibu, na anayejitaabisha kurudisha karatasi si sawa na anayeiacha. Namba ile ilikuwa ya watu walioorodheshwa kisha wakajibu. Haikuwa ya wapiga kura. George Gallup, aliyetumia sampuli ya watu wapatao 50,000, alisema Roosevelt atashinda, na ikawa hivyo. Gazeti lile halikudumu hata miaka miwili baada ya hapo.

Watu milioni 2 waliochaguliwa vibaya wanakuhakikishia jibu la uongo kwa sauti kubwa zaidi, basi.

Sawa, sampuli iwe na watu wangapi?

Kwa sampuli nasibu na swali la ndiyo au hapana, kuna kanuni ya haraka: gawanya 1 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya sampuli, yaani namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inakupa idadi hiyo. Ukiwa na watu 100, kipeuo chake ni 10, na 1 ÷ 10 ni asilimia 10. Kadirio lako kwa kawaida litakuwa ndani ya pointi 10 za asilimia, juu au chini: ukipata asilimia 36, ukweli kwa kawaida uko kati ya 26 na 46. Watu 400 wanakupa pointi 5. Watu 1,600 wanakupa pointi 2.5.

Umeona kinachoendelea? Ili kosa lipungue nusu, sampuli inaongezeka mara nne. Ndiyo maana kura nyingi za maoni huishia karibu na watu 1,000, zikiwa na kosa la pointi 3 hivi. Kwenda mbele zaidi ni gharama kubwa kwa faida ndogo.

Jambo ambalo wengi hukataa kuliamini ni kwamba ukubwa wa kundi zima hauna uzito mkubwa, mradi kundi hilo ni kubwa kuliko sampuli mara nyingi. Watu 1,000 waliochaguliwa kwa nasibu wanaeleza nchi ya watu milioni 5 karibu sawa na wanavyoeleza nchi ya watu milioni 200. Mtu mwenye mwili mkubwa hatolewi damu zaidi maabara kwa sababu ya ukubwa wake. Damu imeshachanganyika, matone machache yanatosha. Kuchagua kwa nasibu ndiko kunakofanya kazi ya kuchanganya.

Nimepata 18 kati ya 50. Nawaelezaje 600?

18 ÷ 50 = 0.36, yaani asilimia 36 ya sampuli. Halafu 0.36 × 600 = 216. Andika "takriban wanafunzi 216". Hilo neno "takriban" lina alama zake kwenye mtihani, na linastahili: hujawahesabu, umekadiria.

Mwenzangu amepata 252 na mwingine 180. Nani amekosea?

Huenda hakuna. Mwenzako alipata 21 kati ya 50, huyo mwingine 15 kati ya 50. Sampuli tatu nasibu kutoka kundi moja hazitatoa jibu moja, kama vile kurusha sarafu mara 50 hakutoi vichwa 25 kila mara. Tofauti hii ni ya kawaida na ina kipimo, ndiyo ile kanuni ya hapo juu.

Walimu wengi hukimbilia kanuni na kupita hapa haraka. Mimi ningetumia kipindi kizima. Andika namba 1 hadi 600 kwenye vikaratasi, weka alama kwenye 240, kisha kila mwanafunzi achote 50, ahesabu zenye alama, azirudishe. Chora nukta kwa kila jibu. Nukta zitasongamana karibu na 20, chache zitafika 14 au 26, na hakuna kanuni ubaoni itakayomfundisha mtoto kama picha ile ya nukta.

Kuna swali la kukadiria idadi ya samaki ziwani. Hatuwezi kuwapa samaki namba!

Swali zuri kuliko yote kwenye mada hii. Unavua samaki 60, unawatia alama, unawarudisha majini. Baada ya siku kadhaa unavua 80, na unakuta 12 wana alama. Kwenye sampuli yako, wenye alama ni 12 ÷ 80 = asilimia 15. Kama samaki wamechanganyika vizuri, basi wenye alama ni asilimia 15 ya ziwa zima pia. Lakini wenye alama tunawajua: ni 60. Sasa uliza: 60 ni asilimia 15 ya nini? 60 ÷ 0.15 = 400. Ziwa lina takriban samaki 400.

Hapa tumetumia asilimia kinyumenyume, tukijua sehemu na kutafuta kizima. Mtaalamu wa samaki wa Denmark, C. G. Johannes Petersen, aliwatia samaki alama baharini miaka ya 1890, na njia hii bado hutumika kwa wanyama wa porini. Masharti yake ni kwamba alama zisidondoke, samaki wasiingie wala kutoka kwa wingi, na aliyewahi kuvuliwa asiwe mwepesi au mgumu kuvuliwa tena. Sharti la mwisho ni gumu. Samaki naye hujifunza.

Kanuni ya badiliko la asilimia ni ipi?

Toa kiasi cha mwanzo kutoka kwenye kiasi kipya. Gawanya kwa kiasi cha mwanzo. Zidisha kwa 100.

Mche ulikuwa na sentimita 40, sasa una 52. Umeongezeka sentimita 12. 12 ÷ 40 = 0.30, ongezeko la asilimia 30. Jibu likiwa hasi, kiasi kimepungua.

Kwa nini nigawanye kwa kiasi cha mwanzo, si kipya?

Kwa sababu badiliko limefanyika juu ya kile kilichokuwepo. Mche wa sentimita 52 haukuwepo wakati ukuaji unaanza. Ukigawanya kwa 52 utapata karibu asilimia 23. Namba hiyo nayo ina maana yake: sehemu ya mche wa leo ambayo ni mpya. Ni jibu halali la swali jingine.

Njia ya kujikagua ni kulirudisha jibu lako. Chukua 40, ongeza asilimia 30 yake, yaani 12, unapata 52. Ukijaribu na 23, 40 inafika 49.2 tu na kosa limejianika lenyewe.

Kikipanda asilimia 25 kisha kikashuka asilimia 25, si kinarudi palepale?

Hapana, na hapa ndipo wengi huanguka, wakiwemo watu wazima wenye vyeo vyao.

Tangi lina lita 800. Maji yanaongezeka kwa asilimia 25: robo ya 800 ni 200, sasa zipo 1,000. Yanapungua kwa asilimia 25: robo ya 1,000 ni 250, zinabaki 750. Lita 50 zimekwenda wapi? Hazikuvuja. Asilimia 25 ya kwanza ilikuwa ya 800, ya pili ilikuwa ya 1,000. Zina jina moja lakini msingi tofauti.

Ili kurudi 800 kutoka 1,000 unahitaji kupunguza 200, yaani asilimia 20 ya 1,000. Kadiri badiliko linavyokuwa kubwa ndivyo pengo linavyotisha. Kilichopungua asilimia 50 kinahitaji kuongezeka asilimia 100 ili kirudi. Kilichopungua asilimia 90 kinahitaji ongezeko la asilimia 900! Jaribu: 100 inakuwa 10, na kutoka 10 hadi 100 ni ongezeko la 90, mara tisa ya 10.

Kubadilisha mpangilio hakusaidii. Anza kwa kupunguza: 800 inakuwa 600, ongeza robo yake, 750 ileile. Sababu iko kwenye swali linalofuata.

Kizidishi ni nini, na ni lazima nikitumie?

Si lazima, lakini ukikizoea hutarudi nyuma. Kuongeza asilimia 25 ni kuzidisha kwa 1.25, maana unabaki na ile 100 na kuongeza 25. Kupunguza asilimia 25 ni kuzidisha kwa 0.75. Mabadiliko mawili mfululizo ni kuzidisha mara mbili: 1.25 × 0.75 = 0.9375. Yaani umebaki na asilimia 93.75, umepoteza 6.25. Kuzidisha hakujali mpangilio, ndiyo maana jibu lilikuwa lile lile.

Asilimia za mfululizo hazijumlishwi kamwe. Ongezeko la 10 na jingine la 10 ni 1.1 × 1.1 = 1.21, ongezeko la 21.

Baada ya kuongezeka asilimia 15 wamekuwa 460. Walikuwa wangapi?

Usitoe asilimia 15 ya 460. Ukifanya hivyo unapata 391, na 391 ikiongezwa asilimia 15 haifiki 450. Ile asilimia 15 ilikuwa ya idadi ya mwanzo, ambayo huijui bado. Andika: mwanzo × 1.15 = 460. Kwa hiyo mwanzo = 460 ÷ 1.15 = 400. Ni swali la samaki limebadilisha nguo.

Kutoka asilimia 40 hadi asilimia 50: ni ongezeko la 10 au la 25?

Yote mawili, ukiyataja vizuri. Ni ongezeko la pointi 10 za asilimia, kwa kutoa tu. Ni ongezeko la asilimia 25, kwa sababu 10 ÷ 40 = 0.25. Anayetaka jambo lionekane dogo husema pointi, anayetaka lionekane kubwa husema asilimia. Soma habari ukiwa macho.

Badiliko linaweza kuzidi asilimia 100?

Likiwa la kuongezeka, ndiyo. Kutoka 20 hadi 70 ni asilimia 250. Likiwa la kupungua kwa vitu vya kuhesabika, hapana: ukishapoteza asilimia 100 huna kilichobaki cha kupoteza. Kuanzia sifuri hakuna jibu, kwa kuwa huwezi kugawanya kwa sifuri. Chama kilichokuwa na wanachama 0 na sasa kina 30 kimeongezeka wanachama 30, basi. Usitafute asilimia.

Kosa la asilimia ni kitu kingine?

Ni ndugu yake. Chukua tofauti kati ya kadirio na kiasi halisi bila kujali alama, gawanya kwa kiasi halisi. Ulikadiria 216, kumbe ni 240: 24 ÷ 240 ni asilimia 10. Msingi ni ukweli, si kadirio lako.

Mimi ni mzazi. Mtoto anajua kanuni vizuri lakini maswali ya maneno yanamshinda.

Basi tatizo si hesabu, ni usomaji, na kumpa maswali 40 zaidi ya kanuni hakutamsaidia. Mkataze kushika kikokotoo mpaka ajaze nafasi tatu kwa maandishi: mwanzo ni kadhaa, mwisho ni kadhaa, asilimia ni ya kitu fulani. Akishindwa kujaza ya tatu, umepata mahali penyewe panapouma.

Kisha kaeni na maneno madogo. "Imeongezeka kwa asilimia 30" na "imeongezeka hadi asilimia 30" yametofautiana kwa neno moja, na majibu yake hayakaribiani. "Imeongezeka kwa asilimia 200" maana yake sasa ni mara tatu ya mwanzo, si mara mbili. "Asilimia 30 ya 50" ni 15, lakini "asilimia 30 zaidi ya 50" ni 65.

Jihadhari pia na sentensi zinazotanguliza kiasi kipya: "Leo wamefika 90, jana walikuwa 75." Mtoto anayesoma kwa haraka huchukua namba ya kwanza kama ya mwanzo, anapata upungufu wa karibu asilimia 17 mahali palipo na ongezeko la asilimia 20. Mwulize tu, bila kumwambia amekosea: "Walizidi au walipungua?" Atafuta mwenyewe.

Kikokotoo changu na cha rafiki yangu vinatoa majibu tofauti kwa 200 + 10%.

Kimoja kinasema 220, kingine 200.1. Cha kwanza kimeelewa "asilimia 10 ya hiyo 200", cha pili kimegeuza 10% kuwa 0.1 kikajumlisha. Hata mashine hazikubaliani kuhusu "ya nini?". Andika 200 × 1.1 na hakuna mashine itakayokupinga.

Nipe swali moja linalochanganya yote.

Mwaka jana shule ilikuwa na wanafunzi 600. Sampuli nasibu ya 50 ilionyesha 18 huazima vitabu. Mwaka huu shule ina 640, na sampuli nasibu ya 60 imeonyesha 27. Uazimaji umeongezeka kwa asilimia ngapi?

Mwanafunzi wa kwanza huchukua 18 na 27: 9 ÷ 18, ongezeko la asilimia 50. Hapo amelinganisha sampuli zisizo na ukubwa sawa. Ongezeko hilo kwa sehemu limetokana na yeye kuuliza watu 10 zaidi. Jibu hili halifai.

Wa pili hugeuza kwanza: 18 ÷ 50 ni asilimia 36, 27 ÷ 60 ni asilimia 45. Ni pointi 9, au 9 ÷ 36 = ongezeko la asilimia 25. Hili ni badiliko la kiwango, yaani la sehemu ya wanafunzi wanaoazima.

Wa tatu hukadiria idadi: 0.36 × 600 = 216, na 0.45 × 640 = 288. Ongezeko ni 72, na 72 ÷ 216 ni karibu asilimia 33. Hili ni badiliko la idadi ya waazimaji, na ndilo mkutubi angetaka kulijua kabla ya kuagiza vitabu. Wa pili na wa tatu wako sahihi wote wawili, kila mmoja kwa swali lake.

Kisha kuna yule wa nne, ambaye hukaa nyuma na kunyoosha mkono taratibu. Anakumbuka kanuni ya kipeuo: sampuli ya 50 ina kosa la pointi 14 hivi, ya 60 pointi 13 hivi. Tofauti tunayoijadili ni pointi 9. Anauliza kama tuna hakika kwamba kuna kitu kilichoongezeka. Hatuna. Kwa sampuli hizi, inawezekana kiwango hakijasogea hata kidogo. Ili pointi 9 zisimame imara, angehitaji kuuliza wanafunzi wapatao 400 kila mwaka, na kwenye shule ya 640, akifika hapo, bora awaulize wote.